Waya wa Mgeni, Mkono wa Baba

Baba hakuwa mtu wa kulishwa. Pale kijijini Mwabungo alisomesha watoto Kurani, na kwenye chakula cha hitima ndiye aliyetangulia kunawa na kukaa kwenye sinia. Kisha, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ugonjwa wa Parkinson ukamshika mkono wa kulia. Wali ukawa unaishia kifuani. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mtulivu, lakini nani angethubutu kumwambia mwalimu wa chuo cha Kurani ale kwa kushoto? Nilimwambia mimi. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Akaacha kwenda hitima, akawa kila siku anasema hana njaa, akakonda. Vidonge vya hospitali vilimsaidia mwanzoni, halafu navyo vikashindwa. Nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa paka.

Nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja Diani. Mzee mmoja wa Ulaya, mgeni wetu wa kila mwaka, zamani nilikuwa nikimmiminia chai nusu kikombe kwa sababu alitetemeka. Safari moja alirudi akashika kikombe kilichojaa. Lo! Nikamuuliza papo hapo. Akanionyesha betri iliyotuna chini ya ngozi ya kifua. Waya mwembamba ulitoka hapo, ukapita shingoni, ukaingia ndani kabisa ya ubongo, kupeleka umeme wa kutuliza mkono. Alipasuliwa akiwa macho, madaktari wakimwambia akunje vidole, ahesabu, wapate kujua kama wamefika mahali penyewe. Na mahali penyewe ni padogo kama kunde moja. Waya wake ulikwenda kombo kidogo tu. Mkono ulitulia, ulimi ukawa mzito, akawa anazungumza kama ana tonge mdomoni.

Nilipotoka kazini nikaenda mbio kumweleza baba. Wallahi, sikuwa nimeona macho yake yaking'aa vile kwa muda mrefu.

"Na huo ulimi wake," akauliza, "Alhamdu ya sala ataweza kuisoma?"

"Baba, yule si Mwislamu."

"Najiulizia mimi. Wakikosea hivyo kwangu, nitasomesha kwa ulimi gani?"

Nilitaka kupiga kelele. Nani atakipasua hicho kichwa, baba? Hata Mombasa sikuwa nimesikia daktari wa waya huo, na Ulaya tungefikaje sisi? Naye alikuwa amekaa kitandani anapima kwa dhati, mkono au ulimi, kana kwamba madaktari wanangoja jibu barazani.

Hatimaye akatikisa kichwa.

"Waambie sitaki."

"Haya, baba," nikamjibu. "Nitawaambia."