Wimbo wa Kuchagua

Kiswahili hakipendi kuharakishwa. Ukikitungia wimbo, kila neno linataka mkazo wake karibu na mwisho, na ukiweka sauti ya juu mahali pasipo pake, mwimbaji anasikika kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Ndiyo maana nilikuwa natunga nikitembea, kutoka jumba la mikutano hadi lokesheni yetu, mtaa wa Waafrika hapo Nakuru, nikinong'ona na kupiga paja, mpaka mke wangu akaniomba kwa machozi niache. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikiwawinda waasi msituni. Mkikuyu anayesema peke yake barabarani angeweza kuulizwa anaongea na nani msituni.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya kabla ya kuajiriwa na afisa wa ustawi, Mzungu mrefu aliyeamini kwamba watu wakicheka hawatakula kiapo cha waasi. Kazi yangu ilikuwa kutunga michezo ya kuigiza yenye nyimbo, maneno yangu na muziki wangu, kisha kuizungusha kwenye mashamba na viwanda vya mbao. Imani yake sikuwa nayo, ila kazi niliipenda kupita kiasi, na zaidi ya kazi nilikihitaji kibali chake. Wenzetu walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kupelekwa risavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, hata wale waliozaliwa huku Bonde la Ufa wasiojua risavu inaanzia wapi. Mtoto wetu alikuwa bado hajakaza shingo. Bwana, ndivyo tulivyomwita afisa huyo, alikuwa ameniambia waziwazi: mchezo wa kiwanda cha mbao cha Elburgon ukipendeza, atanitilia sahihi nibaki mjini, usipopendeza, hana sababu ya kuniweka.

Basi nikatunga kwa hofu, na hofu ni mtunzi mzuri kuliko wanavyodhani. Mchezo ulihusu askari aliyerudi kutoka vitani Burma na kila kitu isipokuwa mke. Mwishoni anaoa, na hapo niliweka ile desturi yetu ya arusini: bibi arusi anaingia katikati ya wageni, anawachagua kwa mkono mmoja mmoja, na aliyeguswa hana budi kuinuka akacheze. Kukataa ni aibu. Ngoma yenyewe huchezwa wawili wawili, bega kwa bega, kwa mlio wa kodiani, kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani. Maneno yalikuwa haya:

Wewe uliyekaa, ndiyo wewe,
simama tukuone, twende nawe.

Niliyaonea fahari. Mkazo umekaa sawa, mdomo unafunguka vizuri mwishoni. Kila tulipoimba kwenye mazoezi, watu wa lokesheni walijazana madirishani wakingoja kuguswa.

Tulifika Elburgon mchana, lori likanuka mbao mbichi kabla hatujauona mji. Kiwandani misumeno ilikuwa kimya, jambo ambalo sikuwahi kulisikia pale. Uani, juu ya vumbi la mbao, wafanyakazi na wake zao walikuwa wamekaa chini kwa mistari iliyonyooka, askari wakiwa pembeni na bunduki. Nilidhani wametupangia hadhira. Hata nilifurahi, mjinga mimi, kwa jinsi walivyopangwa vizuri.

Nyapara wa kiwanda, mtu mzima mwenye macho mekundu, alinisogelea akisaidia kushusha ngoma.

"Mwalimu, hawa watu wamekaliswa hapo tangu asubuhi. Walileta ile gunia."

Hakuhitaji kueleza. Gunia alikuwa mtu aliyefunikwa mwili mzima, kumeachwa matundu mawili ya macho. Alipitishwa mbele ya mistari, na aliyetikisiwa kichwa aliambiwa simama, akachukuliwa na askari. Hakuna aliyejua ndani ya gunia kuna nani. Pengine jirani.

"Wamechukua wengi?" nikauliza.

"Wamechukua wa kutosha. Sasa wameambiwa wangoje, kuna mchezo ya kufurahisha."

Wewe uliyekaa, ndiyo wewe. Maneno niliyoyapenda yalinirudia kichwani moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Nilimwona msichana wa kwaya yangu, mwimbaji mkuu na bibi arusi wa mchezo, akipita kwenye mistari ile ile na kunyoosha mkono. Niliona mtu akiguswa, anaruka kukimbia, na askari anainua bunduki.

Nilimfuata Bwana kwenye gari lake nikamwomba tuondoe wimbo wa mwisho.

"Hapana," akasema. "Maneno imepita kwa Disii, mkubwa ya wilaya, imepigwa muhuri. Hapana toa, hapana ongeza. Na mwisho watu nacheza. Hiyo ndio mimi nataka ona."

Nilirudi nyuma ya lori. Msichana alikuwa anajifunga leso ya bibi arusi. Alikuwa na sauti ya kwanza katika kwaya yangu ya zamani na moyo usiojua kudanganya.

"Mwalimu, mimi siwezi kunyooshea hawa watu kidole. Afadhali unifukuze."

"Hutawanyooshea," nikamwambia. "Maneno yabaki. Wachezaji wetu wote washuke, wakae chini mbele ya watu, kwa mstari kama wao. Chagua hao. Usiwatazame wengine hata kidogo."

"Na Bwana akitaka watu wacheze?"

Nilifikiria shingo ya mtoto wangu, nikavaa mikanda ya kodiani.

Mchezo ulikwenda. Siwezi kusema ulikwenda vizuri. Mizaha ilianguka chini kama mawe, mmoja baada ya mwingine, na Bwana peke yake alicheka, akigeuka kutazama kama wengine wanamfuata. Jua lilikuwa linashuka, na ilikuwa amri kila mtu awe ndani kabla halijatua. Mara tatu nilikosea vitufe ambavyo vidole vyangu vilivijua usingizini.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Wachezaji walishuka wakakaa chini kwa mstari. Niliona mabega ya watu yakipanda, wote kwa pamoja, wakingoja kipigo. Msichana akaimba, akamgusa bwana arusi, akainuka. Akamgusa mpiga ngoma, akainuka. Wawili wawili wakaanza kucheza ndani ya uwanja mdogo, bila kumtazama yeyote. Uani hakuna aliyejitikisa. Bwana alikunja mikono. Nikajua kibali kimekwenda, nikaendelea kupiga kwa sababu sikujua la kufanya.

Ndipo mwanamke mmoja katika mstari wa pili akasimama. Hakuguswa na mtu. Alikuwa mama wa makamo, sketi yake imejaa vumbi la mbao, na nyapara alikuwa amenionyesha mapema: mumewe alikuwa ametikisiwa kichwa asubuhi ile. Askari alisogeza bunduki. Mwanamke akapita mbele yake akaingia uwanjani. Msichana wangu, akiona hana mwenzake, akakimbilia kumshika mkono.

"Wacha, mtoto yangu," mama akasema. "Mimi niko na wangu."

Akakunja mkono wa kulia pale ambapo mkono wa mumewe ungepita, akacheza. Hatua mbili mbele, goti, hatua mbili nyuma, na nafasi ya mtu mzima kando yake. Hakuikanyaga nafasi hiyo hata mara moja. Akasimama mwingine kutoka mstari wa nyuma, akakunja mkono vilevile. Halafu wawili. Halafu sikuweza tena kuona vizuri, maana nilikuwa nalia, na kodiani huwezi kuiachia upanguse macho.

Bwana alikuja akanipiga bega, uso umemjaa furaha.

"Mzuri sana! Watu nafurahi. Kibali yako iko sawa."

Nilitikisa kichwa kushukuru. Wanawake walizunguka, wameacha nafasi zao wazi, vumbi likipanda, hakuna aliyeimba. Bwana akalitazama jua, akanionyesha kwa mkono: maliza sasa. Askari walikuwa wameshaanza kujipanga ili wawarudishe chini, wahesabiwe. Nikafumba macho nikajifanya sikumwona, nikaurudia wimbo toka mwanzo.