Dubu wa Kila Jumapili

Tulipokuwa wadogo Makongeni, mama hakuwa anatuita kwa mdomo. Jioni alisimama mlangoni akagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, na sisi kule kando ya reli tukajua ugali umeiva. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Kifuniko chetu kilikuwa kimepinda, kikilia kama mtu mwenye mafua. Tulipomzika mama, mimi nilichukua kifuniko. Sufuria yenyewe aliichukua dada yangu na mpaka leo tunavutana, lakini hiyo ni habari nyingine.

Binti yangu wa kwanza alirithi jina la mama, ndiyo desturi yetu, kwa hivyo namwita Mama. Yuko Marekani, anapika katika hoteli ndogo kando ya msitu ambamo watu humiminika kutembea. Alikuwa akinipigia Jumapili nikishatoka kanisani, hapa Mbotela, na maneno yalituishia upesi.

"Umeamka aje, Baba?"

"Salama, Mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

Halafu tunatazamana tu kwenye simu mpaka mmoja aseme haya basi.

Kisha akaja dubu mweusi, mkubwa kama ndama, akinusa mapipa ya taka nyuma ya jiko la hoteli. Siku hiyo tuliongea mpaka chai yangu ikapoa. Jumapili iliyofuata nikaanza mimi: "Amekuja?" Akanieleza walivyofundishwa: usimkimbie, usimpe mgongo, jifanye mkubwa, rudi nyuma polepole ukimwongelesha, na chakula kisiachwe nje.

"Hata fisi wa kwa babu yako alitaka heshima hiyo hiyo," nikamwambia.

Akacheka. Kicheko kile nilikaa nacho wiki nzima. Msinicheke, lakini nilimwombea dubu yule maisha marefu. Niliogopa siku akiondoka tutarudi kwa umekula, nimekula.

Jumapili moja Mama alinong'ona, "Baba, tazama." Alikuwa ndani, mlango wa kioo umefungwa, simu ameielekeza nje. Dubu alikuwa anaramba meza za wageni. Mara akageuka, akaanza kuja mlangoni, kwa mtoto wangu.

Sikufikiri. Nilinyakua kifuniko na mwiko, nikagonga kwa nguvu zangu zote. Jirani akaingia mbio na rungu.

"Mzee, mwizi yuko wapi?"

"Marekani!" nikamjibu, nikazidi kugonga.

Mlio ule wa mafua ukatokea kule kwenye simu ya Mama. Dubu akasimama kwa miguu miwili, masikio juu, kama mtoto anayejiuliza kama ni kwao wanapoita.

"Baba, wacha! Utamfukuza!" Mama alikuwa anacheka mpaka simu inatikisika.

Nikaacha. Nikashusha mwiko kabisa, nikamtazama dubu, nikitamani akae hata kidogo. Akashuka, akavuka njia ya watembeaji bila haraka, akaingia mitini, na hakurudi tena.