Odessa Mazyck na Ukuta Unaoonekana Saa Kumi

Kabla sijamsifu mtu, nijitaje mwenyewe. Naitwa Cephus Gaillard. Nimeendesha gari la nyumbu katika mitaa ya Charleston, kusini mwa Marekani, miaka thelathini na moja, na muda wote huo nimelipwa kusema uongo. Uongo wenyewe si wa kuumiza mtu, au ndivyo nilivyodhani. Ni uongo wa mizimu na maharamia, wa kuwachekesha wageni wa tamasha la muziki na maigizo la kila mwaka wanaotoka kwenye onyesho la mchana saa tisa na hawana pa kwenda mpaka onyesho la jioni. Wanasimama kandokando ya soko, viatu vinawabana, ratiba wanajipepea nayo, wote wanauliza swali lilelile: "Tufanye nini hadi jioni?" Mimi nilikuwa na jibu. Pandeni, niwaonyeshe mizimu.

Odessa, dereva mwenzangu, naye alikuwa na jibu lake. Alikuwa akiwatazama miguuni kwanza.

"Vua hivyo viatu, mama. Kunywa maji. Ukishapumua panda hapa, nikuonyeshe mikono iliyoujenga mji huu."

Wakacheka, wakavua, wakapanda. Nikaona wivu, sikatai. Mwanamke mfupi, kofia ya majani kichwani, haruki, hapigi kelele, na gari lake linajaa kabla ya langu! Nilikuwa namtania mbele za watu: "Dada Odessa, leo unawapeleka msibani tena?" Naye hujibu bila hata kugeuka: "Bora msiba wa kweli kuliko harusi yako ya uongo, Cephus." Wageni wakaangua kicheko, na mimi nikabaki kumpiga Seneta mgongoni, nyumbu wangu asiyekuwa na kosa.

Odessa alizaliwa ng'ambo ya daraja, kisiwani James, kwa mama aliyekuja mjini kila Jumamosi na beseni la maua kichwani. Babu yake alikuwa fundi mwashi, na yeye ndiye aliyemfundisha kusoma kuta kama wengine wanavyosoma magazeti. Alipotaka leseni ya kutembeza wageni, enzi hizo ilikuwa lazima ufanye mtihani mrefu. Odessa alifeli mara tatu. Kila lilipokuja swali nyumba fulani ilijengwa na nani, yeye anaandika majina ya waashi watumwa, Kato na Quash na Big Tom, kama alivyoyasikia kwa babu. Jibu lililotakiwa ni jina la bwana mwenye nyumba. Mara ya nne akaandika yote mawili, bwana juu, waashi chini, na chini kabisa akaongeza: "La kwanza ni la kwenu, la pili ni la kweli." Akapita. Mtu mwingine angekata tamaa mara ya pili. Mimi nilipita mara ya kwanza, na sijivunii, maana niliandika nilichoambiwa.

Sasa nieleze jambo moja la kazi yetu, la sivyo hamtanielewa. Dereva hachagui njia. Ukitoka zizini unasimama kwenye kibanda, mtu wa jiji anabonyeza mashine, mipira inarukaruka humo ndani kama ya bahati nasibu, mmoja unadondoka. Rangi ya mpira ndiyo kanda yako. Ukipewa kijani, utazunguka kijani, na ukionekana kwenye bluu leseni imekwenda. Hakuna kubadilishana, hakuna kubembeleza. Tunaiheshimu mipira ile kuliko tunavyomheshimu mchungaji.

Katika kanda ya bluu kuna ukuta. Uko nyuma ya geti refu la mbao, kwenye uchochoro wa nyumba moja kubwa. Mtu wa miguu hauoni. Aliyekaa juu ya gari la nyumbu anauona, na saa kumi jua linapoupiga ubavuni, kwenye tofali moja karibu na geti vinatokea vishimo vitatu vidogo. Ni vidole. Watoto wa watumwa ndio waliogeuzageuza matofali mabichi ili yakauke juani kule viwandani kando ya mto, na mmoja alibonyeza kabla udongo haujakauka. Asubuhi huoni kitu. Kwa hiyo Odessa akipata bluu saa kumi, alikuwa akigeuka mtu mwingine. Alisimamisha Dorkasi, nyumbu wake, akavua kofia, akashusha sauti hadi wageni wanainama mbele kumsikia. Wengine walishuka wakilia, wakaenda kwenye onyesho lao la jioni macho mekundu.

Mimi nikifika hapo? Nilisema ni makucha ya paka. Paka wa mzimu, wa mjane mmoja aliyekufa kwa homa, anapanda ukuta kila usiku akitafuta maziwa. Nikalia nyau mbili tatu kwa sauti kubwa. Watu walipenda sana.

Basi mwaka huo, wiki ya pili ya tamasha, Odessa alikuja zizini uso umemshuka. Mwenye nyumba, Bi Whitcombe, mjane aliyehamia na marehemu mumewe kutoka kaskazini miaka mitatu nyuma, ameita fundi. Jumatatu ukuta wote unapigwa lipu.

"Si kuna kamati ya jiji?" nikamuuliza. "Hapa hata kupaka rangi dirisha unaomba ruhusa."

"Kamati inalinda kinachoonekana kutoka barabarani. Aliyesimama barabarani anaona geti tu." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nimewapigia simu siku nne mfululizo. Wanamtuma mtu kesho, Jumamosi, aje aone mwenyewe. Nimemwambia atauona akiwa juu ya gari langu. Saa kumi."

"Na ukikosa bluu?"

Akavua kofia, akaiweka magotini. Kesho yake jioni kamati ingefunga kazi za juma, na Jumatatu asubuhi fundi angekoroga saruji. Kila mtu pale zizini alijua hesabu hiyo.

Jumamosi ile joto lilikuwa la kukaangia yai. Bwana wa kamati alifika mapema, mtu mrefu mkimya aitwaye Legrand, mwavuli mkononi, akapanda kiti cha mbele kwa Odessa. Tukajipanga kwenye kibanda, Odessa mbele, mimi nyuma yake na wageni wangu kumi na wawili. Mashine ikavuma. Nilimwona Odessa akifumba macho, midomo inacheza. Mpira ukadondoka.

Njano.

Mungu wangu, sijawahi kuona mabega ya mtu yakishuka vile. Akausogeza mpira kidogo kwa kidole, kana kwamba ungebadilika rangi. Halafu zamu yangu. Nikasogea, mashine ikavuma, ukadondoka wangu.

Bluu.

Jamani! Wa bluu, kwangu mimi, baba wa paka! Madereva nyuma yangu wakaguna. Odessa aligeuka akanitazama, na katika miaka yote ya kutaniana sikuwahi kumwona akiniomba kitu.

"Cephus. Una viti viwili?"

"Vipo nyuma."

"Na mdomo wako utaweza?"

Nikawapungia waje. Akamkabidhi Dorkasi kwa dereva mwenzake, akashuka, akamshika Bwana Legrand mkono, wakaja kukaa nyuma yangu kama wageni wengine. Sheria zetu zinasema kwenye gari anayesimulia ni dereva peke yake. Kwa hiyo wote wawili tulijua ni nani atakayesema pale getini.

Njiani niliendesha kimya. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa akauliza kama nimeugua. Nikasema hapana, mama, nafikiri tu. Akasema tumelipia maneno, si mawazo. Wakacheka. Seneta akageuza sikio, hata yeye alishangaa.

Tulifika saa kumi na dakika chache. Jua lilikuwa pale pale linapotakiwa kuwa. Nikavuta hatamu. Vishimo vitatu vilikuwa wazi, kila kimoja na kivuli chake.

"Naviona," Bwana Legrand akasema, akatoa daftari. "Ila ni alama za nini?"

Nilifungua mdomo, na nawaapia, paka ndiye aliyekuja kwanza. Miaka thelathini na moja ya mazoea si mchezo. Nikamsikia Odessa nyuma yangu akivuta pumzi. Nikammeza yule paka.

"Ni vidole vya mtoto," nikasema. "Mtumwa."

Nikaendelea, lakini kwa sauti ya chini, kama anavyofanya yeye. Udongo, mto, jua, watoto waliogeuza matofali siku nzima kabla hawajajua kuhesabu. Maneno yote yalikuwa yake, nilikuwa nayasikia kila alipotangulia mbele yangu kwenye foleni, ila sikuwahi kuyaweka kinywani mwangu. Mzee mmoja kiti cha nyuma akalalamika: "Hatusikii huku!"

"Paza sauti, Cephus," Odessa akasema. "Leo paza."

Nikapaza. Nikasema kwa ile sauti yangu ya mizimu, ile inayowafikia watu wa ng'ambo ya mtaa, kwamba nyumba hii, na inayofuata, na kanisa lile pale, zimesimama juu ya vidole vya watoto, na tofali hili ndilo pekee katika mtaa huu ambalo mtoto alisahau kulisawazisha. Komeo likalia, geti likafunguka. Akatoka mwanamke mwenye nywele nyeupe, aproni imejaa unga.

"Na paka?" akauliza.

"Paka gani, mama?"

"Paka wako! Niko jikoni, kila ukipita nakusikia. Makucha ya paka, nyau, nyau, na watu wanacheka ukutani kwangu. Miaka mitatu! Mume wangu alifia katika nyumba hii, na wewe unanifanyia mzaha wa mjane na paka. Nimemwita fundi aufunike huo ukuta ili unyamaze."

Sikuwa na pa kujificha. Kumi na wawili nyuma yangu, bwana wa kamati na daftari lake, na Odessa. Nilikuwa nimedhani Jumatatu ni balaa lililotoka kaskazini, kumbe lilitoka mdomoni mwangu.

"Hakuna paka, mama," nikasema. "Nilimtunga mimi. Huyu hapa nyuma amekuwa akisema kweli hapa tangu kabla hujahamia."

"Sijawahi kumsikia."

"Husikii kwa sababu hapa huwa anashusha sauti," nikamwambia. "Kwa heshima."

Bi Whitcombe alimtazama Odessa. Kisha akageuka akautazama ukuta wake mwenyewe, akasogea karibu, akainama, akajifuta unga mikononi. Alivitazama vile vishimo bila kuvigusa.

"Fundi hatakuja Jumatatu," akasema. "Bwana, andika hivyo."

"Mimi naandika kinachoonekana," Bwana Legrand akajibu, na akaandika. "Na hiki kinaonekana kutoka barabarani, maana gari hili liko barabarani. Atakayekuja baada yako pia hataweza kukifunika."

Mama wa miwani akaanza kupiga makofi kama yuko ukumbini, wengine wakamfuata. Odessa hakupiga. Alikuwa akilia waziwazi, machozi yanamdondokea kifuani, wala hakuyafuta.

"Karibu ndani," Bi Whitcombe akamwambia. "Umekuwa ukisimama nje siku zote hizo?"

Odessa akashuka. Akapita geti, akavua kofia, akainua mkono akaweka vidole vyake vitatu kwenye tofali. Havikuenea. Akabadilisha, akajaribu kidole chake kidogo peke yake, kikaingia mpaka kwenye ukucha.

"Alikuwa na miaka sita," akasema. "Saba ikizidi."

Alikaa pale muda mrefu. Hakuna aliyetazama saa, ingawa onyesho la jioni halimngoji mtu. Halafu akarudi, akapanda kwenye kiti changu, akaninyang'anya hatamu za Seneta.

"Shuka," akaniambia.

"Dada, sheria hairuhusu nimwache nyumbu."

"Humwachi, nimemshika. Nenda kaguse, Cephus."

Nikashuka. Getini nilijikwaa, Bi Whitcombe akanishika kiwiko. Tofali lilikuwa na joto la jua. Nilijaribu kidole cha shahada, nikajaribu cha pete, nikajaribu kile kidogo kabisa. Hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye vile vishimo nilivyoviita makucha ya paka.