Mwano wa Kija Uwanja wa Ndege

Wanaomkumbuka Kija wanasema alikuwa mama mkali. Hapana. Mkali ni pilipili. Kija alikuwa mtu asiyekubali kuambiwa "subiri" na mtu ambaye mwenyewe hajui anasubiri nini.

Alikuwa mjane wa Ilemela, akiuza uji na viazi vitamu kwenye uzio wa uwanja wetu wa ndege, palepale ambapo zamani marehemu mumewe alichunga. Serikali ilipolichukua lile eneo iliwaambia watu wahamishe mifugo. Watu walielewa, ng'ombe hawakuelewa. Kila siku walirudi kula majani kando ya njia ya kurukia, na kila ndege ilipokaribia king'ora kililia, wakakimbia wenyewe. Mimi nilikuwa mpagazi wa mizigo hapo, na ng'ombe wale nikawajua kwa rangi, hata yule mmoja mweusi wa Kija.

Mwaka ule wa sitini na moja, miezi michache kabla ya uhuru, binti yake Dorotea alipata nafasi ya kusomea uuguzi Dar es Salaam. Habari ilichelewa kufika. Treni ilikuwa imeshaondoka, na asiporipoti kesho yake asubuhi, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Mapadre wakamtafutia kiti kwenye ndege. Kija akamleta uwanjani amevaa viatu vipya vinavyombana.

Asubuhi hiyo injini ya umeme ikafa. Haikuwa mara ya kwanza, na ndiyo maana watu walikasirika kabla hata hawajaketi. Feni zilisimama, bomba likakauka kwa kuwa pampu ilitegemea injini hiyohiyo, simu ya upepo ikanyamaza. Ukumbini Wazungu walijipepea kwa kofia, Wahindi wa mjini waligonga kaunta, na sisi wa barazani tulipiga kelele. Kwa mara ya kwanza wote tulilalamikia jambo moja. Karani Josephat, kijana wetu wa Butimba aliyejifunza kuongea puani, alikuwa na jibu moja tu. Ukiuliza ndege itatua saa ngapi, hakuna umeme. Ukiuliza choo kiko wapi, hakuna umeme.

Mchana ndege ikasikika. King'ora hakikulia, ng'ombe wakaendelea kula, wengine wamejilaza katikati ya njia. Meneja wa uwanja, Mwingereza, akatoka na kitambaa chekundu ili amwashirie rubani apitilize hadi Tabora.

"Si mfukuze hao ng'ombe," Kija akamwambia Josephat.

"Mama Dorotea, hiyo siyo kazi yangu. Wenye ng'ombe wako mashambani."

Meneja akauliza yule mama anataka nini. Alipoambiwa, akacheka. "Ninyi mnataka uhuru," akasema kwa Kiswahili chake. "Mkipewa nchi, mtawasha taa na nini?"

"Injini imezimika mikononi mwako, bwana," Kija akajibu. "Sisi bado hatujapewa kitu."

Nilitamani kumkumbatia. Ndege ikapita juu yetu, ikaanza kuzunguka, na Dorotea akaanza kulia. Hapo Kija akatua beseni lake, akaziba sikio moja kwa kidole, akapiga mwano.

Msukuma akisikia mwano haulizi. Ni yowe la hatari, la wezi wa ng'ombe. Unaacha jembe, unashika fimbo au mkuki, unakimbilia linakotoka huku ukilipokeza kwa walio mbali. Asiyekuja hutozwa mbuzi, na mpaka alipe hapewi moto wala maji na mtu yeyote. Mimi nilikuwa na sanduku la Mzungu kichwani. Nililiachia palepale nikakimbia.

Lakini kwa hasira Kija alisahau jambo moja. Mwano huita watu, haufukuzi kitu. Njia badala ya kuwa wazi ikajaa. Wanaume waliruka uzio kila upande wakitafuta wezi, na ng'ombe walipowaona wachungaji wao wakatulia kabisa. Rubani akashuka, akaona mikuki, akapanda tena juu. Meneja akawa anapunga kitambaa kwa mikono miwili.

Mzee Maige, mkubwa wa vijana wa ulinzi, akamfikia Kija akihema. "Wezi wako wapi?"

"Shikamoo, mzee. Mwanangu anaibiwa safari. Huyu hapa anaifukuza ndege, eti kwa sababu ya ng'ombe wenu."

"Hilo nalo ni la kupigia mwano?"

"Ndilo. Kama nimekosa, mchukueni ng'ombe wangu yule mweusi. Lakini kwanza mtoeni njiani."

Maige akamtazama Dorotea na viatu vyake, kisha akapiga mluzi. Vijana wakawaswaga ng'ombe wote hadi ukingoni mwa ziwa. Kija akamwendea meneja, akakitwaa kile kitambaa, akajifunga kiunoni. Ndege ikatua. Dorotea alipanda bila hata kuaga vizuri, na kesho yake akaripoti na wenzake.

Wazee walikaa palepale kwenye uzio, wakaamua kwamba mwano ulikuwa halali. Likabaki suala la waliousikia wasije. Josephat alikuwa amejificha chini ya kaunta. Alilipa mbuzi wake siku hiyohiyo, maana mama yake alikataa kumpa chakula.

"Na huyu meneja kasikia," Maige akasema. "Anaishi kwetu, anakunywa maziwa yetu. Mbuzi mmoja."

Meneja alicheka sana, mpaka alipofika nyumbani. Injini ilikuwa bado imekufa, bomba kavu, jiko lake la umeme baridi. Mpishi wake, Msukuma, alikuwa ameshaenda kwao. Kutoka Ilemela hadi Nyegezi hakupatikana mtu wa kumpelekea ndoo ya maji wala kijinga cha moto. Alivumilia mpaka ndevu zikaanza kumwota.

Ndipo akaja, mbele ya abiria na wapagazi, anamvuta mbuzi kwa kamba. Maige akamwelekeza kwa Kija. Kija akaweka upawa chini, akamfungua mbuzi mdomo, akamkagua meno.

"Huyu mzee," akasema. "Kabadilishe."

Meneja akamgeuza mbuzi, akarudi naye sokoni.