Wanza wa Ndithini na Tiketi ya Mzinga

Ukitaka kumkasirisha Wanza Ndunda, muulize kama ameacha siasa. Atakutazama juu mpaka chini, kisha akujibu kwa upole unaouma: "Nani alikwambia?"

Alianza kwa kuuza maembe sokoni Matuu. Aliyanunua kwao Ndithini na kuyapeleka huko, na sauti aliyokuwa nayo ilimtosha kunadi soko zima. Wanawake wenzake wa mwethya, kikundi cha kijiji cha kulimiana na kujengeana kwa zamu, wakamwona ana kichwa, wakamfanya kiongozi. Mwethya wao una sheria moja isiyo na mjadala: siku ya kazi hasemi mtu ambaye hajashika jembe. Hata chifu akija hupewa jembe kwanza, salamu baadaye. Wanza alilima na kusema, akalima na kusema, mpaka watu wakaona maneno yale yanafaa bunge la kaunti.

Hapo ndipo Chama cha Mzinga kilipomchukua. Huko kwao Mzinga si chama, ni dini ndogo. Watu huzaliwa ndani yake na huzikwa na bendera yake, na ukiwa na tiketi yake utachaguliwa hata ukiwa gogo. Magogo kadhaa yamekwisha kuapishwa.

Wanza hakuwa gogo, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya kuapishwa alianza kufika kwenye mwethya akiwa na viatu safi. Alishuka garini, akahutubia juu ya maendeleo, akapanda tena na kuondoka. Wenzake waliinama wakaendelea kulima. Kwa kuwa hakuna aliyempigia makofi, alidhani wamechoka.

Kelele nazo hazikukosekana. Walisema barabara ya kokoto imeishia langoni kwake, na kweli iliishia hapo. Nyumba yake ni ya mwisho kabla ya mto. Walisema amezoeana mno na watu wa gavana, ambaye si wa Mzinga. Hilo nalo likaonekana kweli siku ya bajeti. Chama kiliagiza wawakilishi wake wote waiangushe. Lakini ndani ya bajeti ile mlikuwa na bwawa la mchanga la Ndithini, ukuta wa kuuzuia mto wa msimu ili maji yabaki chini ya mchanga hata kiangazi. Wanza akainua mkono kuiunga, peke yake upande wa chama chake, na bajeti ikapita. Kabla jua halijatua redio zilikuwa zimeshamwita msaliti.

Mwenyekiti wa chama katika kaunti, mzee Nzomo, mtu wa tabasamu pana na kumbukumbu ndefu, alimwita ofisini kwake Machakos mjini, uchaguzi ukiwa umekaribia.

"Mheshimiwa, mimi niko na roho safi na wewe," alisema. "Jumapili tuko na mkutano. Utasimama, utaomba msamaha kwa ile kura, na tiketi ni yako tena. Ukikataa tutapatia mtu mwingine. Si unajua Ndithini bila Mzinga hakuna kura?"

"Najua, mwenyekiti."

"Basi usinisumbue."

Alijua sana. Na kiti kile alikitaka. Asikudanganye mtu kwamba hakukitaka. Kesho yake alikwenda kwenye bwawa, ambako mwethya ulikuwa ukichimba msingi, ili aombe ushauri. Alipofungua kinywa tu, Mwongeli, rafiki yake wa tangu Matuu ambaye sasa ndiye kiongozi wa kikundi, alimnyooshea jembe bila kumwangalia.

Akachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walipoketi kupumzika, akawaeleza sharti la Nzomo.

"Omba msamaha," Mwongeli alisema, na moyo wa Wanza ukashuka. "Lakini si ya hiyo kura. Omba sisi. Miaka hii yote umekuwa ukikuja hapa kutuhubiria kama mgeni. Hiyo ndiyo ilituuma. Bajeti haikutuuma."

Wanza aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Akarudi mtaroni.

Jumapili ukumbi ulijaa fulana za njano. Nzomo mwenyewe alimkabidhi kipaza sauti.

"Naomba msamaha," Wanza alisema, na vigelegele vikapaa. Akangoja vitulie. "Naomba wamama wa Ndithini wanisamehe. Mlinituma kazi, nikakuja kuwahubiria. Hayo ni makosa yangu. Lakini ile kura ya bwawa, hata ikirudi kesho, nitainua mkono tena."

Kipaza sauti kikafa. Fundi wa mitambo akajifanya anatafuta waya. Wanza akamalizia kwa sauti yake ya sokoni, na hata waliokuwa nje walisikia: "Tiketi mpatie mwenye mnataka. Mimi nitasimama bila chama."

Wakampa mpwa wa Nzomo, kijana mpole anayeijua Ndithini kwa ramani.

Jumatatu Wanza akaanza kampeni kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Aliona ni busara kuanzia mahali asipoweza kukataliwa, kwa mama yake mzazi, bibi Nduku. Alimkuta uani akipepeta mbaazi. Akamsimulia yote, tangu bajeti mpaka ukumbini, na mama akasikiliza huku akipuliza makapi.

"Umefanya vizuri, mwana wakwa," mama alisema. "Hilo bwawa litatusaidia. Nitakuombea kila siku."

"Na kura, mwaitu?"

Mama aliacha kupepeta. Alishangaa kweli. "Kura? Kura mimi napigia Mzinga. Si unajua?"

Wanza alicheka kidogo, kisha akaacha, maana lilimchoma. Alimsaidia kumalizia zile mbaazi, akamuaga kwa heshima zote, akavuka ua na kubisha hodi kwa jirani.