Karavani, Kahawa na Wakwe wa Kabambare

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatatu, nilimwambia mke wangu kwamba nimenunua nyumba yenye magurudumu. Alikuwa amepiga magoti chumbani, anakamua kitambaa ndani ya ndoo, kwa sababu mvua moja ya kupotea njia ilikuwa imepita mwishoni mwa kiangazi na paa letu la nyasi liliipokea kama mgeni. Hakuinua kichwa.

"Ile yetu haina magurudumu," alisema, "nayo inavuja."

Nilimweleza kwa utaratibu. Mzungu mmoja mtafuta madini, aliyezunguka upande wa Lusangi kwa miaka minne, alikuwa anarudi kwao na hakuweza kubeba karavani yake. Ilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, kabati, dirisha moja kwa nyuma, mlango mmoja kwa ubavu, na jiko la mafuta ya taa. Bei yake ilikuwa faranga elfu tatu na mia nne. Hapo aliacha kukamua. Kila mmoja wetu alijua kwamba ndani ya sanduku letu mlikuwa na faranga elfu tatu na mia nne, si zaidi, na kwamba zilikuwa za mabati thelathini na manne, faranga mia kila bati.

"Na utapika nini humo?"

"Kahawa," nilijibu.

Nilikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na vitambaa karibu na soko la Kasongo, na kamyoneti kuukuu, lori dogo la kuchukulia mpunga. Ndani ya kabati la karavani nilikuwa nimekuta buli la alumini la vipande vitatu, na mzungu alinionyesha kazi yake: maji chini, kahawa katikati, na mvuke unasukuma maji yapande kupitia kahawa hadi juu. Aliita kitu hicho espreso. Nililitafuta neno hilo ndani ya kamusi yangu ya Kifaransa, ile niliyojifunzia peke yangu, sikulikuta. Lakini kamusi hiyo ilikosa kurasa za mwanzo na za kati, kwa hiyo sikuweza kuilaumu lugha. Nilipoonja, nilielewa mara moja. Kikombe kilikuwa kidogo kama kifuniko cha chupa ya manukato, lakini ladha yake ilibaki kinywani mpaka sala ya adhuhuri. Nilipiga hesabu: vikombe mia tano, faranga tatu kila kimoja, katika masoko ya Wamaza na Kabambare. Gharama faranga mia tano. Faida faranga elfu moja.

Mke wangu alisikiliza hesabu yote, kisha akatoa hukumu. "Safari moja tu. Ukirudi na hiyo elfu moja juu ya gharama, nitangoja mwaka mwingine chini ya nyasi. Usiporudi nayo, utauza nyumba yako ya kukokotwa kabla ya mvua kubwa, na tutanunua mabati. Na mimi nitakwenda pamoja nawe. Nataka kuona kwa macho yangu."

Tulikubaliana hivyo. Nilikuwa na wiki tatu za kujifunza, nikafungua daftari.

Kahawa ya kwanza ilikuwa maji yenye rangi. Nilikuwa nimeitwanga kwa haraka na punje zilibaki kubwa, maji yakapita kati yake bila salamu. Ya pili niliitwanga mpaka ikawa vumbi. Maji yalishindwa kupanda, buli likanguruma, na kile kitundu kidogo cha usalama kilitoa mvuke kwa sauti iliyomtoa jirani nyumbani kwake. Ya tatu ilipanda vizuri, ikawa nyeusi, ikawa nzito, nami nikampa mke wangu kikombe kwa heshima.

"Iko na tangawizi," alisema.

Nilikataa. Niliandika katika daftari kwamba buli linazaa ladha ya tangawizi lenyewe, labda kwa sababu ya alumini. Aliniacha niandike mpaka nikamaliza, ndipo akanikumbusha kwamba kinu nilichotumia ni kile cha mama yangu. Sisi watu wa mjini Kasongo, tangu babu zetu, hatutwangi kahawa bila tangawizi. Kinu kile kilikuwa kimekunywa tangawizi kwa miaka arobaini. Nilinunua kinu kipya.

Tatizo la unga lilibaki, na nitasema ukweli: si mimi niliyelimaliza. Yeye alichukua chekeche mbili, ya unga wa muhogo na ya mchele, akachekecha kahawa yangu mara mbili. Vumbi lilianguka chini, makapi yakabaki juu, na katikati akapata kitu kinachofanana na mchanga laini wa mtoni. Alikisugua kati ya vidole viwili. "Hii," alisema. Nilijaza buli kwa hiyo bila kuishindilia, nikaanza na maji ya moto badala ya baridi ili kahawa isikae muda mrefu juu ya chuma, nikaweka kipande cha bati kati ya moto na buli, na nikaliondoa mara tu lilipoanza kukohoa. Katika daftari niliandika kwa Kifaransa: ushindi. Mke wangu hajui kusoma Kifaransa, lakini aliniomba nimwonyeshe ni wapi nilipoandika habari za chekeche. Ilibidi niongeze mstari.

Ofisini kwa mtawala, karani aliyenipa ruhusa ya njia alizunguka karavani mara mbili. Hakujua aiandike kama nyumba au kama gari. Mwishoni aliandika yote mawili na kugonga mihuri miwili.

Njiani, kamyoneti ikikokota karavani, nilijifunza kwamba kahawa haipendi mteremko. Buli likiinama, maji yanaegemea upande mmoja, kahawa inatoka nusu mbichi nusu chungu. Kwa hiyo nilijaza maji chupa ya dawa ya kikohozi, nikaacha kiputo kimoja cha hewa ndani, na kila tuliposimama niliilaza juu ya meza na kuweka mawe chini ya magurudumu mpaka hewa ilipokaa katikati. Asubuhi ya kwanza kazi hiyo ilinichukua dakika thelathini na tano. Mke wangu aliwasha kuni kando ya njia, akakaanga ndizi, akala, akaosha sufuria.

"Usiharakishe," aliniambia. "Kabambare haihami."

Kitanda cha karavani nacho hakikumpendeza. Alisema wazungu wanalala kama sahani kabatini.

Kwenye kivuko cha mto Luama tuliuza vikombe kumi na viwili kwa watu waliongoja pamoja nasi. Wamaza tulikaa siku tatu, na mteja wa kwanza alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni. Alikitazama kikombe.

"Hii iko kahawa ao iko dawa?"

"Kahawa."

"Bei gani?"

"Faranga tatu."

"Na kukaa juu ya hiki kiti cha muzungu?"

"Kukaa ni bure."

"Basi, nipe kukaa."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini fundi alikaa, akalipa, akanywa, na kesho yake akarudi na wenzake wanne. Kwa muda niliamini kwamba ni kazi ya chekeche, maji ya moto na chupa ya dawa. Siku ya tatu niliwasikia wakibishana nje juu ya nani amekaa upande wa dirisha na kwa muda gani. Mmoja alisema pazia peke yake linastahili faranga mbili. Nilihesabu vikombe mia mbili na vinne, na nilikubali pesa bila kuchunguza zilikuwa za kahawa au za pazia.

Kwa hiyo tuliingia Kabambare na faranga mia sita arobaini na nane. Gharama zote zilikuwa zimekwisha kulipwa kwa pesa za duka, faranga mia tano na ishirini, kwa hiyo faida ilikuwa mia moja ishirini na nane. Vilibaki vikombe karibu mia tatu vya kuuza ili elfu moja itimie, na Kabambare ilikuwa na soko kubwa kuliko Wamaza, na watumishi wa ofisi wenye mshahara. Nilisimamisha karavani mahali pazuri, nikasawazisha kwa mawe, na saa moja kamili asubuhi buli la kwanza lilipanda bila kosa.

Aliingia mzee mmoja mwenye fimbo, akakaa, akanywa polepole macho yamefumba. "Nzuri," alisema. Nilisubiri faranga tatu. Aliniangalia kama mtu anayengoja salamu. Mke wangu alipiga magoti mbele yake, akamwita baba mdogo.

Hapa lazima nieleze kosa langu. Mke wangu ni Mubangubangu, mzaliwa wa Kabambare. Nilikuwa nimekuja huko mara nyingi, kila mara kununua mpunga, na katika kununua hakuna aibu: mkwe hununua kwa wakwe, tena kwa bei ya juu kuliko mtu mwingine, na wote hufurahi isipokuwa yeye. Lakini kumuuzia baba wa mke wako kinywaji, umnyooshee mkono baada ya kumeza, jambo hilo hakuna anayelifanya na kuoa tena katika nchi hiyo. Nilikuwa nimepima unga, maji, moto na mteremko. Ukoo sikuupima.

Baada ya baba mdogo walikuja baba wadogo wengine, kisha shangazi, kisha mashemeji, ambao idadi yao ilinishangaza. Saa nne watu walijipanga mstari mpaka kwa wauza chumvi. Muuza nguo mmoja, ambaye kwa macho yangu alitoka Kindu, aliona jinsi mambo yanavyokwenda akatangaza kwamba naye ni mukwe, upande wa nyanya.

"Ulijua," nilimwambia mke wangu huku nikijaza buli.

"Uliniuliza juu ya unga, nikakujibu. Juu ya ukoo hukuniuliza."

"Ungeniambia."

"Ningemwambiaje mutu mwenye daftari?"

Nilikuwa bado na tumaini moja. Soko la Kabambare lilikuwa na siku mbili zaidi, na watu wa ofisini hawakuwa wote wa ukoo. Ndipo, siku ya pili saa tatu na robo, mke wangu alichungulia nje na kusema, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake anakuja.

Mkwe mwanamume hakai nyumba moja na mama wa mke wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Karavani ina mlango mmoja, na mama mkwe alikuwa tayari hatua kumi kutoka mlangoni. Buli lilikuwa juu ya moto. Nilitoka kwa dirisha. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na tumbo la muuza duka, na mstari mzima wa mashemeji ulishuhudia. Mmoja wao aliuliza kwa adabu kama wazungu nao hutoka hivyo.

Nikiwa nyuma ya karavani nilisikia buli likikohoa, likikohoa tena, na hakuna aliyeliondoa, kwa sababu mke wangu alikuwa bado anamsalimu mama yake, na salamu za Wabangubangu hazikatwi katikati. Baadaye sauti ya mama mkwe ilitoka dirishani, haikuelekezwa kwangu, kama ipasavyo.

"Mwambie yule mutu wa nje, kahawa yake imeungua."

Kwa mtu mwingine ningenyamaza. Nilimwomba mke wangu aanze upya, nikamwongoza nimegeuzia dirisha mgongo. Maji ya moto. Kahawa bila kushindilia. Bati juu ya moto. Nilisikiliza kwa sikio tu, na sauti ilipobadilika nilisema, "Toa." Alitoa. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini, na harufu iliyotoka dirishani iliniambia kwamba katika safari nzima hakuna buli lililotoka vizuri kuliko lile, nami sikuligusa.

"Hii sasa ni kahawa," mama mkwe alisema. "Lakini kikombe kama hiki ni cha mutu mwenye haraka. Muulize, ana haraka ya kwenda wapi?"

Alikaa saa mbili, na mstari wote ulingoja, kwa sababu hakuna aliyeweza kuingia na kukaa karibu na mama wa wote. Watu wa ofisini waliosimama mwishoni walitazama saa zao na kurudi kazini. Alasiri kahawa yangu ilikwisha. Nilikuwa nimetoa vikombe mia mbili themanini na saba Kabambare, na sikupokea faranga hata moja.

Nilipokea kitu kingine. Asubuhi ya kuondoka baba mkwe aliniletea mbuzi wawili, gunia la mchele na kuku watano, kwa sababu mkwe haondoki mikono mitupu. Nikapiga hesabu kichwani, na nadhani midomo yangu ilitikisika.

"Mbuzi wa mukwe hauzwi," mke wangu alisema. "Anakaa, anazaa, watu wanamtaja."

Mbuzi wale walisafiri wamefungwa kwenye mguu wa meza, na walikula pazia.

Tulifika Kasongo mawingu yakiwa tayari upande wa mto. Mke wangu hakunikumbusha mapatano yetu hata mara moja. Aliweka tu ndoo katikati ya chumba, mahali pake pa kawaida. Siku ya nne nilimuuzia karavani msimamizi wa barabara kwa faranga elfu mbili na mia tisa. Alitaka pazia jipya, nikamkatalia. Pamoja na faranga mia moja ishirini na nane zilizobaki kutoka safarini, nilinunua mabati thelathini, na fundi aliyapigilia siku mbili kabla ya mvua. Upande wa jikoni, penye nafasi ya mabati manne, tuliacha nyasi.

Mbuzi, mchele na kuku sikuwaingiza katika hesabu, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Hasara yote ilikuwa faranga mia tatu sabini na mbili.