Nilimuambia: Ngoja Kesho

"Mama, karibia! Inafunguka sasa," fundi aliniambia, meno yote inje. "Haiulizi tena kintu. Nilikusafishia yote, nikakutilia na bafilme na miziki ya Mungu. Iko sawa mupya."

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, pale ku baraza ya duka, katikati ya mji, na kikaratasi mu mukono. Juu ya kile kikaratasi kulikuwa neno moja, herufi sita. Niliiandika mwenyewe. Niliishika tangu ku nyumba mpaka ikalowa jasho.

"Na barua?" nilimuuliza.

"Barua gani, mama?"

Nilikaa chini juu ya simenti, mbele ya bantu, nikalia kama muntu wa kilio, na siku ile hakuna aliyekufa.

Lazima nirudi nyuma, ndipo mutaelewa.

Bwana yangu alikuwa anafanya kazi ya bilo, ya ofisi. Wakati bilo yao ilibadilisha bamasini, bafanyakazi balipewa zile za zamani, naye akaleta ordinateri yake, ile kompyuta, ku nyumba juu ya kinga, baiskeli yake, ameifunga na kamba kama mbuzi. Wakati ugonjwa ulimufungia ndani, kila mangaribi, kama umeme iko, alikuwa anaandika kwa vidole viwili. Siku moja akaniambia:

"Mama ya batoto, mule ndani kuko barua yako."

"Unisomee basi."

"Hapana. Utaisoma weye mwenyewe. Jifunze."

Miye nilisoma mwaka mbili tu. Baba yangu, muntu wa reli, alisema kaye ya kuandikia na kalamu ni ya batoto banaume. Huyu ndiye mukosaji wa kwanza, na alikufa bila kunijibu.

Bwana yangu naye akakufa. Kisha kilio kwisha, ndugu zake bakaingia mu nyumba, namna inafanyikaka: frigo, viti, matela ya kulalia, yote ya marehemu. Mudogo wake, shemeji yangu, akafika ku ordinateri. Akaitazama. Akachomoa ekra, ile inafanana na televizyo, akaikumbatia ku kifua. Kile kisanduku cha chuma, chenye kuchunga maneno yote, alikisukuma na muguu.

"Hii abakie nayo," alisema. "Ni bati tu."

Sikumurekebisha. Mujane akifungua kinywa siku ile, banamuita mulozi, ati ndiye aliua bwana yake. Nilibeba kisanduku mpaka ku kikoni, nikakifunika kitambaa, na juu yake nikaweka beseni ya samaki ya Kasenga ninayouzaka ku soko.

Mwaka moja ikapita, nikaenda kujifunza. Miaka mbili, mu sale ya parokia, siye bamama na malineti ya macho ya kuazimana. Mwalimu alituuliza kila muntu anataka kusoma nini. Bengi balisema Biblia. Mumoja akasema: "Bameseji ya telefone ya bwana yangu," tukacheka mpaka mwalimu akafuta ubao kabla ya wakati. Miye nilisema: barua moja. Siku nilisoma bango ya famasi kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, nilijua saa yangu imefika.

Nikaenda kudai ekra kule Golf, mutaa ya batajiri, ku nyumba kubwa shemeji anachungaka mulango. Njia yote nilikuwa napanga matusi. Nilikuta ekra mu kajumba kake ka sentineli, imefutwa vumbi, imewekwa juu ya kiti, peke yake.

"Yaya," aliniita, kama dada yake mukubwa, bila kuniangalia, "hii kintu haionyeshake kitu. Kila siku ninaitia ku umeme. Inaleta taa kidogo, inakuwa nyeusi. Nilizani nitamuona."

"Utamuona nani?"

"Kaka. Picha yake. Maneno yake. Si alikuwa anakaa mbele yake kila siku?"

"We mwanaume, ulibeba uso, kichwa ukaniachia miye!"

Alicheka. Kisha akageukia ukuta, akalia. Miaka tatu anakaa mbele ya kioo cheusi anangojea kaka yake. Yale matusi yote nilirudi nayo.

Alibeba ekra yeye mwenyewe mpaka kwa fundi. Fundi alifungua kisanduku: mende ikatoka, na magamba ya samaki. "Mama, unapikaka mu ordinateri?" Baclient bakacheka, nasi tukacheka. Aliiwasha, ikalia mara tatu, ikanyamaza. Akatoa kipande kidogo, akakisugua na gome ya kufutia kalamu, akarudisha. Ikalia tena mara tatu. Kuisugua mara ya ine, ikakubali. Pale pale umeme ikaenda. Wakati ilirudi, ilirudi na nguvu, tukasikia harufu ya kuungua. Kile kinachoigawia umeme kilikufa. Juma nzima kutafuta kingine.

Mwishoni ikawaka. Jina ya bwana yangu ikatokea. Niliisoma miye mwenyewe, herufi kwa herufi, mbele ya bote. Chini yake, masini ikauliza neno ya siri.

Tulijaribu majina ya batoto. Yangu. Ya mama yake. Ikakataa.

"Hakuna shida," fundi alisema, "nitafuta yote ya ndani, nitie ingine mupya."

"Papa, usiguse. Ngoja kesho. Mule kuko barua ya bwana yangu."

"Ndiyo, mama," akasema, macho mu telefone yake.

Tulikuwa tunaenda kutafuta bisi, shemeji akasimama katikati ya njia. "Imbwa!" alipiga kelele, bantu bakaruka. Bakiwa batoto, mu kambi ya reli, balikuwa na imbwa, na kaka yake alitumikisha jina ya ile imbwa kila fasi inayotaka siri, hata ku kufuli ya valizi. Alinitajia ile jina. Niliiandika.

Sasa munajua nilikuwa nimeshika nini ile asubuhi.

Nilipeleka kisanduku kwa fundi mwingine. Alisema bafilme ilikaa fasi ya barua, hakuna cha kurudisha. Sitajua hata kama ile neno ilikuwa yenyewe.

Shemeji alikuya kwangu, akasema: "Nilikosa," akarudisha viti mbili. Tuko sawa. Fundi, yeye, akiniona ku soko ananisalimia vizuri: "Mama, masini si inatumika?" Ninajua hakufanya kwa ubaya, alizani ananipa zawadi. Lakini zawadi sikuomba. Ukuye ku nyumba, papa. Ukae ku kiti kile shemeji alirudisha, yeye akiwa pale, utuambie: nilipokuambia ngoja kesho, weye ulisikia nini?